Kantangaze: Nondo Mdogo, Hasara Kubwa

Leo tunamzungumzia kantangaze, nondo wa nyanya ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 aligunduliwa Hispania, akaenea Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akabainika Tanzania, mkoani Arusha.

Nondo mwenyewe ni wa kijivu na hafikii urefu wa sentimita moja. Huruka usiku, na mchana hujificha katikati ya majani. Ndiyo maana wengi huona hasara kabla ya kumwona yeye.

Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260, zaidi chini ya majani. Kukiwa na joto, mayai huanguliwa baada ya siku 4 au 5. Kiwavi hutoboa jani, akaingia ndani na kula nyama yake, akiacha ngozi ya juu na ya chini. Hapo ndipo unapoona mabaka meupe yenye vinyesi vyeusi ndani. Ukiona vimistari vyembamba vilivyopindapinda, huyo ni mdudu mwingine. Kiwavi hutoboa pia matunda, mabichi kwa mabivu. Baada ya wiki mbili hivi, wengi hujidondosha udongoni na kuwa pupa. Siku kama 10 baadaye, nondo wapya hutoka.

Sasa fikiri, mkulima: ukipuliza dawa inayoua kwa kugusa tu, utampata nani? Kiwavi yumo ndani ya jani, pupa yumo udongoni. Ukirudia dawa ile ile kila msimu, wanaosalia huzaa kizazi sugu.

Kwa hiyo mfuate hatua kwa hatua. Tundika mtego wenye harufu ya jike. Hunasa madume peke yao, lakini utakujulisha mapema kwamba ameingia. Chuma majani yenye mabaka na matunda yaliyotobolewa, uyafukie chini kabisa. Ukishavuna, usiache masalia shambani. Msimu unaofuata panda mahindi au vitunguu, si viazi mviringo wala bilinganya, maana navyo huvila.

Kesho asubuhi kagua miche yako kabla hujaihamishia shambani, na ukiona mabaka hayo, mwite bwana shamba mapema.