Gari la Kale na Mnunuzi wa Mpakani
Maneno yaliyosemwa na maofisa wa uhusiano wa polisi na jamii katika mkutano wa wakazi, Mutukula



Mlitarajia tuzungumzie wizi wa pikipiki, na siku ya kufanya hivyo itafika. Leo tumeona afadhali tuseme juu ya magari ya kale. Miaka si mingi iliyopita, Land Rover iliyokufa nyuma ya nyumba ilikuwa kiota cha kuku. Sasa wanakuja watu kutoka Kampala, wengine kutoka ng'ambo, wanaitafuta kwa fedha taslimu. Na habari hiyo imewafikia pia wasio na gari la kuuza ila wana rangi, patasi na maneno matamu.

Yupo mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata mradi tusimtaje jina. Alitaka gari la kumkumbusha lile alilopanda akiwa kijana alipokwenda kuripoti shule yake ya kwanza. Akaletewa Land Rover ya kijani, fupi, ikisemwa ni ya mwaka 1954, tena kwamba ilivuka mpaka huu pamoja na askari wa Tanzania katika vita vya 1978 na 1979. Bei ilikuwa shilingi milioni 18. Mzee aliuza ng'ombe wanne na kipande cha shamba la kahawa. Mkataba uliandikwa, ukashuhudiwa, ukapigwa muhuri wa kijiji. Baada ya miezi mitano aliileta kwetu mwenyewe, kwa miguu yake miwili na magurudumu manne, apate barua ya ukaguzi ili ajiandikishe kuwa mmiliki. Hapo ndipo tulipolazimika kumwambia kwamba gari lile haliwezi kutoka katika ua wa kituo.

Tulianza na futikamba. Huu ndio uzuri wa magari ya kale: mengi yake hayahitaji kompyuta ili yaseme umri wao. Land Rover za kwanza, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zilikuwa na inchi 80 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, yaani sentimita 203. Ile fupi ya mwaka 1954 ina inchi 86, sentimita 218 na nukta. Iliyokuwa mbele yetu ilisoma sentimita 223 na nusu, ambazo ni inchi 88, kipimo kilichokuja baadaye. Tena ubavu wake ulikuwa na tumbo kidogo chini ya dirisha, mfano wa pipa. Land Rover za mfululizo wa kwanza, uliokoma mwaka 1958, zina ubavu ulionyooka kama ukuta. Tumbo lile lilianza na mfululizo wa pili. Kwa hiyo kabla hatujafungua boneti tulikwishajua kwamba mwaka 1954 ni uongo, na kwamba aliyeusema ama hakujua anachouza ama alijua sana.

Kisha tukatazama namba. Kibati kilichokuwa ndani ya gari kilikuwa cha zamani kweli, lakini skrubu zilizokishika ziling'aa kama za jana. Kibati hung'olewa gari moja kikapachikwa jingine kwa dakika tano, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Ushahidi ni namba iliyogongwa katika chuma cha chesisi chenyewe. Kwa Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970 hiyo iko mbele, upande wa kulia, kwenye mshikio wa springi, mahali panapokaa tope na mafuta. Kwa Toyota Land Cruiser za namba 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, tazameni ubavu wa kulia wa chesisi, karibu na gurudumu la mbele. Kwa Volkswagen ya mgongo wa kobe, inueni kiti cha nyuma. Namba iko juu ya uti wa chuma unaopita katikati ya sakafu.

Pale penye mshikio wa springi wa gari la mwalimu palikuwa na rangi nene kuliko mahali pengine popote. Fundi wetu alisugua kwa brashi ya waya, taratibu, kisha akaweka karatasi nyembamba juu yake na kuipitishia penseli ubapa. Ikatokea namba isiyofanana na ya kibati wala na ya kadi. Chuma kilikuwa kimeanza kusagwa, lakini msagaji aliharakisha. Namba ile tuliipeleka kwa wenzetu wa Tanzania, na siku kumi baadaye jibu likarudi: gari liliibwa kutoka shamba moja ng'ambo ya mpaka, na mwenyewe angali hai, angali analitafuta.

Gari lilirudishwa kwa mwenyewe. Ndugu zetu, jambo hili huleta uchungu kila tunapolieleza. Aliyeiba hakuwa na umiliki, basi hakuwa na umiliki wa kumuuzia mwalimu, hata kama mwalimu alilipa kwa moyo safi mbele ya mashahidi sita. Muuzaji tunaendelea kumtafuta. Mwalimu hakushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, maana alijileta mwenyewe na hakuwa na sababu iliyoonekana ya kushuku. Lakini tuseme wazi: mnunuzi anayeletewa gari usiku, kwa robo ya bei, na muuzaji asiye na kitambulisho, mahakama itamwuliza kwa nini hakushuku.

Hapa tunaomba radhi kwa Mwenyekiti wetu, ambaye ni rafiki wa kituo. Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba watu wawili walikaa wakakubaliana. Hauthibitishi chesisi. Tumewahi kuona mikataba iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, yenye namba ya gari iliyonakiliwa kutoka kwenye kibati cha uongo. Ni heri Mwenyekiti asipige muhuri kabla hajaonyeshwa karatasi ile ya penseli, nasi tumefurahi kwamba amekubali kufanya hivyo.

Kuhusu kadi ya gari, ambayo wengi upande huu huiita logibuku, msiridhike na nakala. Jina lililo kwenye kadi liwe ndilo lililo kwenye kitambulisho cha anayeuza. Akisema ni la marehemu baba yake, aonyeshe karatasi za mirathi. Akisema alilinunua mnadani kutoka serikalini, na aonyeshe stakabadhi za mnada. Namba yenyewe pia ihesabiwe tarakimu. Namba za chesisi zenye herufi na tarakimu 17 zilienea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gari linalodaiwa kuwa la 1965 likiwa na namba ya tarakimu 17, kuna mmoja aliyetunga. Na katika namba hizo 17 hazitumiki herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Mkiiona mojawapo, msiendelee kuzungumza bei.

Wapo watakaosema: si mtaangalia tu katika hifadhi ya Interpol? Tutaangalia, na kila nchi jirani ina ofisi yake ya taifa inayofanya hivyo. Lakini hifadhi ile inajua tu yaliyoripotiwa, na gari lililoibwa shambani likaandikwa katika daftari la kituo cha mbali huenda halikuwahi kufika huko. Jibu la kwamba halikuonekana si cheti cha usafi. Ndiyo maana tunauliza pia kwa barua na kwa simu, kituo kwa kituo, na ndiyo maana tunaomba siku chache. Muuzaji asiyeweza kungoja siku chache tumekwisha kumjua nusu.

Liko na suala la forodha, ambalo huwanasa hata waaminifu. Gari lililoingia kwa kibali cha muda si la kuuzwa upande huu hadi ushuru ulipwe, na gari lisilolipiwa ushuru laweza kutwaliwa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, awe nalo nani. Tena Uganda ilirekebisha sheria yake ya barabara mwaka 2018, ikazuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, isipokuwa yaliyotajwa na sheria yenyewe. Kenya mpaka wake ni miaka minane. Basi gari la kale lililo upande wa pili, hata likiwa halali kabisa huko, lisilipiwe senti moja kabla ya kuuliza dirisha la forodha kama litaweza kuvuka na kubaki.

Tukija kwenye thamani, sisi si madalali, lakini tumesimama kati ya wanunuzi na wauzaji kiasi cha kujua vinapokosewa. Bei iliyotajwa katika mnada wa London ni ya gari lenye injini yake ya kwanza, kadi zake zote na bodi isiyotobolewa. Haihusu lile lililofungwa injini ya Isuzu na giaboksi ya Toyota. Kubadilisha injini si kosa. Huku kwetu ni busara ya fundi, na gari hubeba matoke vizuri zaidi. Ila mabadiliko hayo yaandikishwe, na mnunuzi asilipe bei ya uhalisi kwa kitu ambacho si halisi. Vivyo hivyo chesisi iliyobadilishwa kwa sababu ya kutu: mwenye gari mwaminifu atakuambia na kukuonyesha risiti.

Kutu ndiyo inayokula fedha. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haiozi kama bati, kwa hiyo hung'ara huku chesisi ya chuma chini yake ikiwa imebaki ganda. Lala chini ukagonge kwa nyundo ndogo tangu mbele hadi nyuma, hasa mwisho wa nyuma na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia, kilichooza huguna. Kwa gari la bodi ya chuma, kama Peugeot 504 au Volkswagen, chukua sumaku ndogo ya spika iliyokufa. Isiposhika mlangoni, chini ya rangi mna puti. Kwenye Land Rover msijisumbue na sumaku ubavuni, haitashika hata kwenye gari zuri, na tumemwona kijana mmoja akikataa gari safi kwa sababu hiyo.

Hadithi nazo zina bei. Kila gari jeusi la zamani hapa huambiwa lilikuwa la Idi Amin, na kila Peugeot kuukuu ilishiriki mbio za Safari. Mbio zile zilianza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo zilipita kweli Kenya, Uganda na Tanganyika, na Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Lakini magari yaliyoshindana yalikuwa na namba zilizoandikwa, na picha zilipigwa. Ikiwa muuzaji hana picha, hana karatasi, ana hadithi tu, msikilizeni kwa adabu, mcheke naye, halafu mlipie chuma mnachokiona.

Kuanzia wiki ijayo, kila Jumatano asubuhi, fundi wa kituo atakuwa uani na brashi, futikamba na karatasi, bila malipo. Mje muuzaji na mnunuzi pamoja, mchana, kabla fedha hazijatolewa. Na ile Land Cruiser iliyoegeshwa chini ya mwembe ni ya ndugu yetu mmoja aliyevuka nayo leo akitafuta mnunuzi. Amekubali mbele yenu tuikague sasa hivi, nanyi mtazame namba inavyotoka.