MACHO YA PAKA WA GHALA: LINI TUMWITE BWANA MIFUGO



Haya ndiyo tuliyozungumza Jumamosi mbele ya ghala. Tunayaandika katika gazeti letu la ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shambani, na hata waliokuwepo, maana mvua ilitukatiza.

Paka wetu wa ghala mnamfahamu. Watoto sasa wanamwita Chongo. Jicho lake la kushoto lilikufa, na sisi kamati tunasema wazi kwamba lilikufa kwa uzembe wetu. Jumatatu alianza kulifumba. Tukasema aah, litapoa lenyewe. Jumatano likawa na ukungu. Mmoja wetu akaleta tyubu ya dawa ya macho ya mtu iliyobaki nyumbani, tukampaka, na kweli wekundu ukapungua, tukajisifu. Ijumaa jicho likapasuka. Bwana mifugo alisoma ile tyubu akatikisa kichwa. Dawa ilikuwa ya steroidi. Dawa ya namna hiyo hupunguza wekundu, lakini kama kioo cha mbele cha jicho kina mkwaruzo, huzuia kidonda kisipone, nacho huzidi kuchimba mpaka kutoboka. Ilibidi alitoe jicho lote. Majuma mawili Chongo alipolala mgonjwa, panya walitoboa magunia manne ya mbegu.

Sasa Chongo amezaa. Watoto watatu, na wawili wana matongo. Tayari tumeshaletewa ushauri wa maji ya tumbaku, wa maziwa, wa unga wa kidonge. Jamani, hapana! Na kidonge cha parasetamo msimpe paka hata kipande. Kwetu ni dawa, kwake ni sumu inayoua.

Basi tujue kutofautisha. Paka akitokwa na machozi kidogo, meupe kama maji, jicho likiwa wazi kabisa, anakula na kucheza, hiyo inaweza kuwa makapi tu au vumbi la mahindi. Msafisheni, mngoje siku moja. Kesho yake kama bado, mwiteni bwana mifugo.

Lakini akifumba jicho, msingoje. Hili tulilisema mara tatu na tunalirudia. Paka huficha maumivu. Hatalia kama mbwa. Kufumba ndiko kulia kwake. Siku hiyo hiyo aitwe bwana mifugo. Vivyo hivyo jicho likiwa na ukungu au damu, likitoa usaha wa kijani au wa njano, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ile ngozi nyeupe ya pembeni ikifunika jicho, au paka akianza kujigonga milangoni. Mwiba ukiwa umechoma jicho, msiuchomoe. Mfungieni kapuni, apelekwe hivyo hivyo. Akitemewa na swila, mwosheni hapo hapo kwa maji safi mengi, robo saa nzima, ndipo apelekwe.

Paka wadogo wana jambo lao. Mara nyingi ni mafua ya paka: wanapiga chafya, macho yote mawili yanagandamana. Na kope zikivimba kabla hata hawajafumbua macho, usaha uko ndani, nao unaharibu jicho lisiloonekana. Hawa hawangoji. Ndiyo maana bwana mifugo anakuja kesho asubuhi.

Kusafisha ni hivi: maji yaliyochemka yakawa vuguvugu, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lowesha kitambaa safi, kiache juu ya matongo mpaka yalainike, halafu futa. Usibandue kwa kucha. Kila jicho na kitambaa chake, kisha vichomwe. Nawa mikono.

Mzee mmoja aliuliza, kwa nini fedha za ushirika zitumike kwa paka? Swali zuri. Tulimjibu kwa yale magunia manne, akacheka, lakini hakukubali mara moja. Mwishowe mkutano ulipitisha nauli na dawa zitoke katika mfuko wa ghala, pale pale tunaponunulia maturubai.

Zamu ya kuwasafisha imebandikwa mlangoni, asubuhi na jioni. Ufunguo uko kwa karani. Ukikuta mmoja amefumba jicho, mgongee karani hata kama ni usiku.

Kamati ya Ghala