Sinema Tuzipendazo na Watu Wasioonyeshwa



Sisi si mabingwa wa sinema. Tu watazamaji wa kawaida, watu wa kazi wapendao kupumzika jioni. Haya ndiyo maoni yetu.

Picha za upelelezi twazifurahia, kwa kuwa Hitchcock alijua kumzuia mtu pumzi. Kasoro yake ni moja: siri ikiisha kufumbuliwa, hamu nayo imekwisha.

Picha za wachunga ng'ombe wa Marekani zina farasi, vumbi, na haki ipatikanayo kwa bastola. Lakini katika Stagecoach ya John Ford (1939), Wanavajo waliigiza Waapache, wakafanywa adui tu.

Picha za vita ndizo zitugusazo. Objective, Burma! ya mwaka 1945 ilionyesha Wamarekani kana kwamba vita vya Burma vilikuwa vyao. Waingereza walikasirika hata ikaondolewa London. Je, nani alikasirika kwa ajili ya askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944?

Nasi watu wa Kilombero tuna neno letu. Mahenge ilipotwaliwa mwezi wa Oktoba 1917, mizigo ya vita ilibebwa vichwani mwa wapagazi. Sinema yao hatujaiona.

Basi, ndugu, tazameni kwa furaha. Lakini mkitoka ulizaneni ni nani hakuonyeshwa. Na yeyote aliyesimuliwa na wazee wake habari hizo, yampasa aziandike, zisije zikapotea.