KIBAO CHA NYAMA SI CHA KACHUMBARI
Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, wilaya za Karagwe na Kyerwa

Leo sikuja na ugonjwa wenye jina kubwa. Nimekuja na kitu mnachokijua wote: kibao cha kukatia.

Hebu fikirieni sehemu za nyama choma pale Kayanga, Omurushaka au Nkwenda. Mchomaji anakata nyama mbichi juu ya kibao, anaipeleka motoni. Ikiiva anairudisha juu ya kibao kilekile, anaikatakata kwa kisu kilekile. Kisha anasogeza nyanya na vitunguu, anakata kachumbari papo hapo. Wewe unawekewa chumvi na pilipili pembeni, unakula kwa raha zako. Je, kosa liko wapi?

Kosa ni hili: nyama ilipita motoni, kibao hakikupita. Kwenye damu ya nyama mbichi wanaweza kuwamo bakteria kama salmonela. Moto uliwaua waliokuwa kwenye nyama, lakini waliobaki juu ya kibao wanairudia nyama iliyoiva. Na kachumbari haipikwi kabisa!

Ninyi mnasoma hesabu. Bakteria mmoja akipata joto na unyevu wa kumfaa anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Zidisha kwa mbili, tena kwa mbili. Baada ya saa 7 mmoja amekuwa zaidi ya 2,000,000.

Msiseme "ni tumbo tu, litapona". Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba chakula kisicho salama kinaua watu 420,000 kila mwaka duniani. Kati yao 125,000 ni watoto chini ya miaka 5. Wewe unaweza kuharisha siku mbili ukakosa mtihani. Mdogo wako anaweza asiamke.

MTI AU PLASTIKI?
Najua mtauliza, "Si afadhali plastiki?" Si lazima. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Waliona kwamba bakteria wakiwekwa juu ya mti wanafyonzwa ndani, na wengi wanafia humo. Plastiki mpya inasafishika vizuri. Lakini ikishachanwachanwa na kisu, bakteria wanajificha kwenye mikwaruzo, na kuwatoa kwa kuosha kwa mkono ni kazi. Kwa hiyo usikionee aibu kibao cha mti cha nyumbani. Kichague vizuri na kitunze.

KUCHAGUA
Tafuta mti mgumu, uliokaushwa vizuri, usio na harufu kali wala utomvu unaonata. Mwembe au mfenesi ulioanguka shambani unafaa. Paini ni laini, kisu kinauchimba upesi. Kibao kiwe kipande kimoja, kisicho na ufa, unene wa vidole viwili hivi.

Sasa sikilizeni kwa makini. Msichukue mabaki ya mbao za dawa, zile za kupaulia nyumba, ambazo mara nyingi zina rangi ya kijani kijani. Wala vipande vya nguzo za umeme. Dawa ya kuzuia mchwa inaweza kuwa na arseniki, nayo ni sumu. Hata kuni za kupikia msizifanye. Mbao zenye rangi ya kupaka nazo ziacheni.

KUTUNZA
Kuweni na vibao viwili: kimoja cha nyama na samaki wabichi, kingine cha vitu vinavyoliwa bila kupikwa na vilivyokwisha kuiva. Mwombe fundi seremala achonge alama kwenye kimoja ili visichanganywe. Na kisu je? Kioshwe kwa sabuni kabla ya kuhama kibao.

Kibao kipo kimoja tu? Basi kata kachumbari kwanza, ifunike, nyama iwe ya mwisho.

Ukimaliza, kwangua mabaki. Sugua kwa dodoki, sabuni na maji ya moto, suuza, kisha mwagia maji yanayochemka. Kisimamishe juu ya kichanja kikauke pande zote mbili, juani ikiwezekana. Kukauka ndiyo dawa kubwa, maana bakteria wanapenda unyevu. Usikilaze ndani ya karai la maji usiku kucha, kitapasuka. Usikifute kwa kitambaa kilichofuta meza.

Weusi wa utomvu wa ndizi usikutishe, hilo ni doa tu. Cha kutisha ni ufa na mifereji ya kisu. Mifereji ikizidi, seremala akipige randa. Kikipasuka, kimestaafu.

Na ninyi wavulana, msiseme jikoni ni kwa dada. Mabuchani na kwenye majiko ya nyama choma wanaoshika visu wengi ni wanaume.

Leo mkirudi nyumbani au bwenini, kila mmoja akiangalie kibao. Kimekauka? Kina ufa? Kinakatia nini na nini? Kama ni nyama na kachumbari pamoja, msigombane na mama. Mwelezeni kwa heshima, kisha chukueni dodoki mkioshe wenyewe.

Haya, maswali!