Fidia ya Aliyejeruhiwa si Faini



Barabara kuu ya lami itokayo Manyoni kwenda Singida yapita hapa kwetu Ikungi, na malori hayaipumzishi usiku wala mchana. Tuseme mama mmoja, mkulima wa alizeti, amegongwa na kuvunjika mguu. Dereva anashtakiwa, anakiri kosa, anatozwa faini. Jamaa wa mama wanarudi nyumbani wakidhani kesi imekwisha. Haijakwisha. Faini ile ni ya Serikali, wala mama hapati hata senti ya dawa. Fidia yake ni shauri jingine, la madai, ambalo sharti alifungue yeye dhidi ya dereva na mwenye gari.

Msingi wa dai ni uzembe. Sheria hiyo tuliirithi kwa Waingereza. Mwaka 1932, katika shauri la mwanamke wa Scotland aliyedai kuugua kwa kinywaji chenye konokono chupani, Jaji Atkin aliuliza swali tulijualo katika Injili ya Luka: jirani yangu ni nani? Akajibu kwamba ni yule ambaye ningepaswa kufikiri kuwa tendo langu laweza kumdhuru. Mama yule akivuka barabara ni jirani wa dereva. Kama naye alivuka bila kutazama, fidia hupunguzwa, haifutwi.

Tena msivunjwe moyo na umaskini wa dereva. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, yalazimisha gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine watakaodhurika.

Linalonisikitisha zaidi ni suluhu za kitandani. Mwenye gari huja hospitalini na laki mbili na karatasi, nao ndugu hutia sahihi kabla daktari hajasema kama mguu utapona. Kusamehe ni kwema, wala hakuna azuiaye. Lakini aliyesamehe bado ana gharama za matibabu, na msimu wa kilimo umempita.

Dai hili lina muda wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Tunzeni nakala ya fomu ya polisi namba 3, stakabadhi za hospitali, majina ya mashahidi, namba ya gari na jina la kampuni ya bima.

Mwajiriwa aliyeumia kazini, kama vile mgodini, huenda kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015; huko hadaiwi kuthibitisha uzembe. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awaone wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, naye asingoje mwaka wa tatu.