Moyo wa ukoo: urithi si laana, ni onyo la mapema

(Maneno haya yalitolewa mbele ya wajumbe wa kamati za afya za parokia kutoka Shinyanga, Kahama na Geita. Tumeyafupisha kidogo ili yapate nafasi katika toleo hili.)



Nimeombwa nizungumzie magonjwa ya moyo na urithi. Wengine watajiuliza kama jambo hili linatuhusu sisi ambao bado tunahangaika na malaria, maji safi na ujenzi wa zahanati. Linatuhusu sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Tanzania ana shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, inayopokea wagonjwa wetu wa Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea watu waliopata kiharusi au moyo kushindwa kufanya kazi, ambao presha yao haikupimwa hata mara moja kabla ya siku hiyo.

Tuanze na mfano. Tuseme katika kaya moja baba alianguka ghafla shambani akiwa na miaka 48. Baada ya miaka sita kaka mkubwa akapooza upande mmoja. Kisha mdogo wao, mchimbaji kule Nyarugusu, akafia usingizini. Watu wa ukoo wanakaa kikao. Swali linaloulizwa mara nyingi si "Ni ugonjwa gani?" bali "Ni nani?" Na sote tunajua kidole huelekezwa wapi: kwa bibi kizee, mjane, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alivyopikia maisha yake yote. Mkoa wa Shinyanga umebeba aibu ya mauaji ya vikongwe kwa muda mrefu. Kwa hiyo ninapozungumzia urithi wa magonjwa ya moyo, nazungumzia uhai wa aina mbili: uhai wa yule mwenye moyo mgonjwa, na uhai wa bibi anayesingiziwa.

Urithi unafanyaje kazi

Kila mtoto hupokea vinasaba nusu kwa baba na nusu kwa mama. Watu wa kanda yetu wana mfano wa karibu, nao ni selimundu. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanywa kupitia Bugando ulionyesha kuwa katika mikoa ya kaskazini-magharibi takriban mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, na kidogo zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe. Kinasaba hicho ni kimoja, na mtoto huugua anapokipokea kwa wazazi wote wawili.

Magonjwa mengi ya moyo hayako hivyo. Presha na mishipa ya moyo kuziba hutokana na vinasaba vingi sana, kila kimoja kikiongeza hatari kidogo, kisha chumvi, tumbaku, pombe, unene na kisukari vinamalizia kazi. Yapo machache yanayofanana na selimundu kwa kutegemea kinasaba kimoja. Kuna mafuta mengi ya lehemu kwenye damu yanayorithiwa, ambayo duniani humpata takriban mtu mmoja kati ya 300. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuyapata. Kuna pia aina za moyo kutanuka zinazofuata ukoo, na baadhi ya akina mama wanaopata moyo kushindwa wakati wa kujifungua wamebeba vinasaba vya namna hiyo.

Urithi haubebi mabaya tu. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas, Marekani, walieleza kuwa kati ya watu weusi waliowachunguza, karibu 26 kati ya 1,000 walikuwa na mabadiliko ya kinasaba yaliyoshusha lehemu yao, na hatari yao ya mishipa ya moyo kuziba ilikuwa pungufu kwa asilimia 88. Dawa mpya za kushusha lehemu zimetokana na ugunduzi wa kinasaba hicho.

Je, kumwambia mtu hatari yake kunamsaidia?

Hapa nawaomba wafadhili wasikilize kwa makini, kwa sababu siku hizi zipo kampuni zinazouza vipimo vya vinasaba kwa kutumia mate. Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha majumuisho ya tafiti 18. Yalionyesha kuwa kumwambia mtu hatari iliyopimwa kwenye vinasaba vyake, peke yake, hakumfanyi aache sigara, abadili chakula wala afanye mazoezi zaidi. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kuwa watu walioelezwa hatari yao walishusha lehemu kuliko wenzao, na sababu kubwa ni kwamba wengi zaidi walianza dawa.

Mtu husogea pale habari inapokuja pamoja na hatua ya kuchukua. Ukimwambia mchimbaji wa Rwamgasa kwamba yuko hatarini halafu zahanati haina kipimo wala dawa, umempa hofu tu, na hofu humpeleka kwa mganga wa ramli.

Jambo la pili, vipimo hivyo vimetengenezwa kwa kutumia zaidi takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo kwetu sisi havilengi vizuri. Tena vinasaba vya binadamu hapa nchini vina sheria yake ya mwaka 2009. Parokia isikusanye mate ya watu na kuyapeleka popote.

Kipimo tulicho nacho tayari

Sisi tuna kipimo cha urithi kisichohitaji maabara: historia ya ukoo. Msukuma anawajua ndugu zake hadi vizazi vya mbali. Tumtumie mzee huyo anayejua nani alikufa lini na vipi. Napendekeza kila jumuiya ndogo ndogo ifundishwe maswali matatu:

1. Je, baba au kaka yako alipata kiharusi au ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada yako kabla ya miaka 65?
2. Je, kuna ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana bila ajali?
3. Je, kuna mwenye presha, kisukari au moyo kutanuka kati ya wazazi na ndugu zako wa tumbo moja?

Anayejibu ndiyo hata kwa swali moja, yeye, ndugu zake na watoto wake wakubwa wapimwe presha mwaka huu. Presha ikionekana 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, aanze matibabu na asiyaache anapojisikia nafuu. Mwenye ndiyo kwa swali la pili apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo na cha mawimbi ya sauti.

Machimboni kuna ugumu wake. Kijana wa Katoro au Mgusu ametoka Kigoma, Tabora au Mara, na huenda hajui baba yake alikufa kwa nini. Analala duarani, anakula chipsi na nyama choma, anavuta sigara, anakunywa gongo. Kwake tusisubiri historia ya ukoo. Apimwe presha hapohapo, siku ya mnada au baada ya ibada.

Tahadhari

Historia ya ukoo ni siri ya mgonjwa. Isisomwe kanisani, isipelekwe kwa mwajiri wa mgodi, wala isitumike kuvunja uchumba. Na neno "ukoo wenye laana" lisitoke kinywani mwa mjumbe yeyote. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliohusisha watu zaidi ya 55,000, ulionyesha kuwa hata wenye hatari kubwa ya kurithi walipunguza karibu nusu ya hatari yao walipoishi vizuri: bila sigara, bila unene uliokithiri, wakifanya mazoezi na kula vyema. Hiyo ndiyo habari ya kumpelekea aliyefiwa na baba na kaka.

Chakula cha kwetu kinasaidia: mboga za majani, karanga, viazi, maharage. Kinachotuharibia ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki wakavu.

Kwa wafadhili, ombi langu ni dogo kuliko mashine ya vinasaba. Tunahitaji vipimo vya presha vyenye mikanda ya saizi mbalimbali, betri zake, na dawa za presha zisizokatika kwa miezi 12. Kwa kamati, naomba kwamba kila palipo na kifo cha ghafla, mjumbe wa afya awahi msibani kabla ya mpiga ramli, akae na wafiwa, na siku zikitulia awapime wote waliobaki, na yule bibi kizee awe wa kwanza kukaa kwenye kiti.