Ukumbi wa Vioo na Boma la Kalenga



Miongoni mwa majumba ya enzi ya Ulaya ambayo wasafiri huyaendea kwa shauku, ni machache yaliyovuta nyoyo za watu kama Versailles, kasri iliyo nje kidogo ya jiji la Paris, ambayo Mfalme Louis wa 14 aliikuza kutoka nyumba ya mawindo ya baba yake, na mwaka 1682 akahamishia huko baraza na serikali yake, ili makabaila wa Ufaransa wakae chini ya jicho lake. Bustani zake, alizozipanga André Le Nôtre, zina njia zilizonyooka hadi upeo wa macho, na mfereji mkuu wenye urefu unaozidi kilomita moja na nusu. Uzuri huo ni wa kweli, wala sioni sababu ya kuukana.

Walakini yampasa mgeni aulize maji ya zile chemchemi yalitoka wapi, maana kasri ilijengwa mahali pasipo mto. Iliundwa mashine ya Marly, yenye magurudumu makubwa 14, ya kuyapandisha maji ya mto Seine mlimani, na bado hayakutosha, hata watunza chemchemi wakawa wakipigiana mbinja mfalme anapokaribia, ili ya mbele yake ifunguliwe na ile aliyokwisha kuipita ifungwe. Ndipo wakapelekwa maelfu ya askari kuuchepua mto Eure. Wengi wakafa kwa maradhi, vita vikazuka, kazi ikaachwa, na maji hayakufika. Mwezi Oktoba 1789 wanawake wa Paris wakaja kwa miguu kudai mkate, na siku ya pili yake Louis wa 16 akaihama kasri, asirudi tena.

Sisi watu wa Iringa tuna dai letu wenyewe mahali pale. Katika Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73 na vioo 357, ndimo Wajerumani walimotangaza dola yao tarehe 18 Januari 1871, kwa kuwafedhehesha Wafaransa walioshindwa. Na humo humo, tarehe 28 Juni 1919, wakaletwa kutia sahihi mkataba wa kushindwa kwao. Ibara ya 246 ya mkataba ule iliwaagiza, katika muda wa miezi sita, wairudishe Kurani ya Khalifa Uthman iliyochukuliwa Madina, na wakabidhi kwa Waingereza fuvu la Sultani Mkwawa.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndiye aliyelivunja jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, tena ndiye aliyeizungushia Kalenga, makao yake, ukuta wa mawe, ambao mizinga ya Wajerumani iliubomoa Oktoba 1894. Akapigana porini karibu miaka minne, na tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa. Ile miezi sita ya Versailles ikawa miaka 35, kwa kuwa ni mwaka 1954 tu ndipo Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, aliyelipata fuvu katika makumbusho ya Bremen, alipolikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa marehemu.

Mzungu atembeleapo kasri ya wafalme wake hupewa mwongozaji, ramani na kitabu, na watoto wa shule hupelekwa makundi kwa makundi. Ilhali wako wanafunzi wetu watokao Mbeya, wakapita Makambako na Mafinga, wakasoma miaka mitatu katika chuo hiki kilichopewa jina la Mkwawa, wakaondoka bila kufika Kalenga, mwendo wa kilomita 15 tu. Hili halifai. Mabaki ya ukuta ule yanastahili taadhima ileile ipewayo marumaru ya Louis, tena zaidi, maadam ukuta ulijengwa kuilinda nchi. Nawasihi walimu wa historia wawapeleke wanafunzi Kalenga na Mlambalasi kabla ya kuwafundisha habari za Versailles, na wazee wa Kalenga mlio hapa muwapokee na kuwasimulia myajuayo wangali na wasaa wa kuyaandika.